Kutoka Arobaini hadi Siku Tatu: Historia Fupi ya Nyumba Yenye Mtoto Mchanga

Siku ya nne baada ya mtoto wetu kuzaliwa nilirudi darasani. Likizo yangu ya siku 3 ilikuwa imekwisha, na sehemu kubwa yake niliimaliza kwenye benchi la wodini. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Nilimwacha nyumbani na kidonda kibichi, mtoto asiyejua usiku wala mchana, na mama mkwe aliyesafiri kwa basi usiku kucha kuja kutuokoa.

Mada ya siku ile ilikuwa manamba wa mashamba ya mkonge. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba mwajiri wa kikoloni alinunua nguvu za mwanamume, lakini gharama za kumzaa, kumlea na kumuuguza mtu huyo aliiachia familia yake kijijini. Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimeieleza nyumba yangu mwenyewe.

Ndugu msomaji, mambo ya uzazi huwa tunayaona kuwa ya jikoni na chumbani, yasiyostahili kuandikiwa historia. Sidhani kama ni kweli. Kila jamii hulazimika kujibu swali moja: mwanamke akishajifungua, nani atafanya kazi zake, na kwa gharama ya nani?

Jamii za pwani ya Afrika Mashariki zilijibu kwa arobaini. Mzazi alikaa ndani siku 40. Mkunga na jamaa wa kike walimkanda kwa maji ya moto, wakamchua kwa mafuta, wakamfunga tumbo na kumnywesha uji wenye pilipili manga. Desturi za uzazi ni miongoni mwa mambo aliyoyaandika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Kule Kilimanjaro, mzazi wa Kichaga alikaa ndani muda mrefu zaidi, yapata miezi mitatu, akila mtori, nyama na maziwa. Mume alipimwa kwa namna alivyomlisha mkewe kipindi hicho.

Lugha yetu pia imetunza kumbukumbu hiyo. Mkaja ni nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua, na mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Lakini maneno hayo mawili ni majina pia ya malipo anayopewa mama wa bibi harusi wakati wa posa. Yaani siku binti anapoolewa, jamii inakumbuka kwamba kuna mtu aliumia, akafungwa tumbo, akabeba. Kulea kulihesabiwa kuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na deni lake.

Hata hivyo, tusiipambe arobaini kupita kiasi. Vifo vya wazazi na watoto wachanga vilikuwa vingi, na mafuta ya kuchulia hayazuii damu inayotoka bila kukoma. Isitoshe, mapumziko ya mwanamke mmoja yalikuwa kazi ya wanawake wengine. Ni vigumu kuamini kwamba mjakazi wa karne ya 19 alipata siku sawa na bibi yake. Ninachosema ni kwamba jibu lilikuwapo, na kila mtu alijua wajibu wake.

Uchumi wa kikoloni ulilivuruga jibu hilo kwa kumwondoa baba nyumbani. Wanaume walitoka Kigoma, Songea, Singida na Ruanda-Urundi kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wengi wao bila wake zao. Siku zao zilihesabiwa kwa kipande. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU. Ujira ulipangwa kana kwamba kibarua hana mke wala mtoto. Hapo ndipo ilipozaliwa fikra kwamba mfanyakazi ni mtu asiye na nyumba; na kama anayo, basi kuna mwanamke mahali fulani anayeitunza bure.

Wakati huohuo, dunia ya viwanda ilikuwa ikitafuta jibu lake. Mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Washington mwaka 1919, ulipitisha mkataba wa kuwalinda wanawake wazazi: wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 6 baada yake. Wiki 6 ni siku 42. Wajumbe wale hawakuwauliza wakunga wa Bagamoyo, lakini walifika karibu na hesabu ileile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12, jumla ileile ya mwaka 1919. Baba anapewa siku zisizopungua 3, azichukue ndani ya siku 7 baada ya mtoto kuzaliwa. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inampa wiki mbili. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, siku 4 za kazi. Marekebisho ya mwaka 2025 yamewaongezea muda wazazi wa watoto njiti, ambapo baba hupata siku 7. Ni hatua ya kupongezwa, na ni ushahidi kwamba sheria hii haikuandikwa kwenye jiwe.

Siku 3 zina maana gani? Zinatosha kuandikisha mtoto, kulipa hospitali na kupokea pongezi. Baada ya hapo sheria inadhani kwamba bibi atakuja. Kwa maneno mengine, sheria ya kisasa imeiegemea arobaini bila kuitaja wala kuilipa.

Kwetu bibi alikuja, lakini baada ya wiki mbili aliondoka, kwa kuwa baba mkwe naye alikuwa mgonjwa. Jioni ya kwanza nilirudi nikakuta mke wangu amekaa sakafuni, mtoto amelala kifuani, ndoo ya maji katikati ya chumba. Alikuwa ameshindwa kuinyanyua. Hakulia wala hakulalamika, aliniambia tu, "Baba, leo sijala." Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Siku ile nilikuwa nimehudhuria vikao viwili ambavyo sasa sikumbuki vilihusu nini.

Tulimtafuta dada wa kazi. Naye ana mtoto, anayelelewa na mama yake kijijini. Mnyororo ule niliokuwa nikiufundisha bado haujakatika. Umebadilisha tu mahali. Na nje ya lango letu yupo mama lishe, ambaye siku 84 hazimhusu kabisa, kwa kuwa hana mwajiri. Jiko lake lisipowaka, nyumba yake hailali na kitu.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo, kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa: mnapopitia sheria za kazi, ulizeni siku 3 za baba zilipimwa kwa kipimo gani. Kwa wanaharakati: madai ya likizo ya uzazi yasiishie kwa wenye mikataba, bali yafike sokoni, shambani na kwa wafanyakazi wa nyumbani. Na kwa wanafunzi wangu: mkiandika historia ya kazi, msiishie kwenye lango la kiwanda. Fuateni mfanyakazi hadi nyumbani, muone nani amebeba ndoo.

Mimi sasa hurudi mapema. Nimejifunza kukanda kwa maji ya moto, kazi ambayo babu yangu angeishangaa. Sijui kuifanya vizuri, lakini uji naupika.