Risasi, jeraha na kidonda

Risasi (nm, i-/zi-) 1. metali laini, nzito, ya kijivu. 2. kipande kinachofyatuliwa na bunduki. Asili ni Kiarabu, ambamo neno hutaja kwanza metali yenyewe.

Maana ya pili ilitokana na ya kwanza, na katika Bonde la Kilombero zilikutana vitani. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, Wapogoro na Wambunga wa nyanda za Ifakara walilishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge, kwenye milima iliyo kusini mwa bonde. Waliahidiwa kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Boma lilikuwa na bombomu. Askari wengi wa enzi hiyo walibeba Mauser ya 1871, ambayo risasi yake ya milimita 11 ilikuwa risasi tupu, isiyovikwa ganda la shaba. Metali laini namna hiyo huwa bapa ikigonga mfupa, nao mfupa huvunjika vipande vipande.

Risasi huumiza kwa namna mbili. Huponda nyama iliyo mbele yake, ikiacha njia ya kudumu. Tena huisukuma nyama ya kando ghafla, ikifungua uwazi unaojifumba mara moja. Pafu huvumilia msukumo huo kwa kuwa hunyumbuka; ini hupasuka. Kasi ikizidi mara mbili, nishati huwa mara nne, kwa hiyo tundu dogo la kuingilia halitoi habari ya yaliyo ndani.

Matumizi. Jeraha ni umizo lililosababishwa na nguvu ya nje. Kidonda ni mahali palipo wazi mwilini, panapouguzwa, hata kama hapakupigwa na kitu. Jeraha lisipotunzwa hugeuka kidonda. Likipona huacha kovu. Katika ripoti ya daktari au fomu ya polisi (PF3) iandikwe *jeraha la risasi*. *Kidonda cha risasi* humfaa mgonjwa anayefungwa bendeji kwa majuma. Mfasiri anayeyachanganya huweza kuifanya mahakama idhani umizo la jana ni la mwezi uliopita.

*Alipigwa risasi* hakusemi kwamba alikufa. Kifo kitajwe: *aliuawa kwa kupigwa risasi*. Katika hati ya mashtaka, tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya kujaribu kuua na kuua.

*Majeruhi* ni umoja na wingi: majeruhi mmoja, majeruhi watano. *Mjeruhi*, ambalo wengi huliandika wakidhani ni umoja wake, kwa kanuni ni yule aliyejeruhi.