Slalomu sambamba

Slalomu ni neno la Kinorwe: sla ni mteremko, låm ni njia. Wenyewe ni watelezaji wa theluji, wanaoshuka wakikata kona kushoto na kulia kati ya vijiti. Waendesha baiskeli za milimani waliliazima neno pamoja na mchezo wenyewe. Kulitamka hakutatushinda, anayeagiza slesi za mkate kila asubuhi ulimi wake umeshazoea.

Kazi iko kwenye neno la pili. Jina la Kiingereza, "dual slalom", linataja uwili tu, na mfasiri mwenye haraka ataandika "slalomu mbili", kana kwamba ni mashindano mawili. "Slalomu ya wawili" ina nafuu, lakini bado inavuja. Mwaka 2000 na 2001 Mashindano ya Dunia ya baiskeli za milimani yalikuwa na mbio za wawili walioshuka kwenye njia moja, wakisukumana mabega. Mwaka 2002, Kaprun nchini Austria, wakawa wanne. Kinachoutenga mchezo wetu si idadi ya watu, ni njia: kila mmoja ana yake, zinafanana, zinalala ubavu kwa ubavu. Neno tunalo tangu darasani, kwenye mistari sambamba. Basi slalomu sambamba.

Jina hilo linamfaa hata anayenunua baiskeli. Kwa kuwa kila mmoja ana njia yake, hakuna wa kukugonga, na mbio hazimalizi dakika. Mageti mawili yanaanguka kwa pamoja, unakanyaga pedali mara chache, kisha matuta yanaanza na pedali zinanyamaza. Kuanzia hapo kasi inatoka mwilini. Ukipanda tuta unakunja magoti na viwiko, baiskeli ipande yenyewe. Ukishuka unaikandamiza kwa miguu na mikono. Mtoto aliye kwenye bembea huongeza kasi kwa mwili wake vivyo hivyo. Waingereza hukiita kitendo hicho kwa jina la pampu, ila kwetu pampu ni ya kujaza upepo, kwa hiyo mimi nasema kubembea.

Sasa weka shokapu nyuma uone. Nguvu uliyotaka kuipa ardhi inaliwa na springi. Ndiyo sababu wengi hupenda baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma, ambayo naiita nyuma kavu, kama ugali usio na mboga. Mbele inatosha forki inayobonyea milimita 100 hivi, tena iwe ngumu. Magurudumu ya inchi 26, yaliyopitwa na wakati kwingine, hapa bado yana wapenzi kwa kuwa hushika kasi na kugeuka upesi. Kiti kishushwe hadi chini. Tairi la nyuma liwe na meno mafupi katikati ili libingirike, marefu pembeni ili liume udongo kwenye kona.

Njia ikiwa na mashimo na miruko mikubwa, shokapu fupi ya nyuma hupata utetezi. Kwenye tamasha la baiskeli la Sea Otter, California, huonekana baiskeli za aina zote mbili.

Mwalimu wa hisabati anaweza kunibishia neno sambamba. Mlimani hakuna njia mbili zilizo sawa kabisa: moja ina kona iliyokauka, nyingine ina tuta lililobomoka kidogo. Waandaaji wanalijua hilo. Kwa hiyo washindani hubadilishana njia, wanashuka tena, na muda wa mbio zote mbili hujumlishwa.