Gari Likisumbua Kuwaka Alfajiri, Anza Hapa

Mimi mtu wa Likoni, sasa nabeba omena kwa Probox kutoka Mbita hadi Homa Bay. Alfajiri moja gari lawaka, lazima. Fundi akataka ninunue pampu ya mafuta. Kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka!

Tangu hapo nafuata utaratibu huu. Stata ikizunguka kwa uvivu, pima betri: iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikizunguka vyema bila injini kuwaka, fungulia swichi usikilize pampu. Ikiwa kimya, angalia fyuzi kwanza. Likiwaka kisha likatetemeka, kagua mipira ya hewa, plagi na uchafu wa throtali. Likisumbua likiwa baridi tu, shuku sensa ya joto la maji.

Ndugu zangu, pimeni kwanza, ndipo mnunue.