MABINGWA WA CHAMPIONSHIP: KOMBE MKONONI, HALAFU NINI?

Ukigusa soka la Bongo, stori zote ni Simba na Yanga. Lakini chini ya Ligi Kuu kuna vita nyingine kali balaa. Zamani iliitwa Ligi Daraja la Kwanza, na tangu msimu wa 2021/22 jina lake ni Championship. Timu mbili za juu zinapanda moja kwa moja, ya tatu na ya nne zinapigania nafasi kwenye mchujo.

Watu wanadhani ukishabeba kombe la huku chini umemaliza kazi. Thubutu! Ndo kwanza imeanza.

Cheki KenGold, vijana wa Chunya, Mbeya, kwenye wilaya ya dhahabu. Msimu wa 2023/24 walikuwa mabingwa wa Championship, wakapanda kwa shangwe. Dirisha dogo wakashusha majina makubwa ili wajiokoe. Wapi! 2024/25 wakamaliza mkiani, wakarudi walikotoka. Msimu mmoja tu.

Kitayosce, walioshika nafasi ya pili 2022/23 nyuma ya JKT Tanzania, walianza kwa aibu zaidi. Agosti 2023 walitokea pale Azam Complex na wachezaji 8 tu, mambo ya usajili yamekwama. Dakika 15 hazijaisha vizuri, tayari ni 4-0. Wengine wakashindwa kuendelea, wakabaki pungufu ya 7, mwamuzi akamaliza mpira. Ajabu ni kwamba timu hiyo hiyo, kwa jina la Tabora United, haikushuka msimu ule.

Halafu kuna Mtibwa Sugar. Hawa ni mabingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000, sio timu ya mchezo. Wakashuka 2024. Wengi wakajua ndo basi tena. Mwaka mmoja baadaye wakabeba ubingwa wa Championship na kurudi zao juu.

Ila inayouma kuliko zote ni Ihefu. Walipanda tena 2022, na Novemba mwaka huo, kwenye uwanja wao kule Mbarali, wakaipiga Yanga 2-1 na kuvunja rekodi ya mechi 49 bila kufungwa. Nchi nzima ikaijua Mbarali. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, jina likawa Singida Black Stars. Haikushuka, haikufungiwa. Iliondoka tu. Shabiki aliyepiga kelele jukwaani siku ile ya Yanga akabaki na jezi ya timu ambayo haipo.

Kushuka kunauma, lakini KenGold bado ipo, inaweza kupanda tena kama Mtibwa. Timu ikihama na jina lake, shabiki wa Mbarali anasubiri nini?

Haya wadau, bora ipi: timu yako ishuke daraja ikiwa nyumbani, au ibaki Ligi Kuu kwenye mkoa wa watu?