Profesa Mmari na hesabu ya nafasi za chuo kikuu

Elimu ya chuo kikuu nchini Tanzania haikuanzia Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilianzia Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Kariakoo, ndani ya jengo la chama cha TANU, Oktoba 25, 1961, kwa wanafunzi 14 wa sheria. Chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964, kilomita 13 hivi kutoka Posta, kilipata ardhi ya kukulia, lakini karani wa Posta na mwenye duka wa Kariakoo wakabaki mbali nacho: aliyetaka shahada kwa kawaida ilimbidi aache kwanza kinachomlisha. Ndiyo maana naamini kazi kubwa ya Profesa Geoffrey Mmari haikuwa ile iliyomletea jina, ya kuongoza Mlimani, bali iliyofuata, ya kuongoza Chuo Kikuu Huria.

Mmari alikuwa mtu wa hisabati, na tangu mwaka 1978 aliandika kuhusu somo hilo kama nyenzo ya kuibadili jamii. Mwaka 1988 akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati mgumu wa kubana matumizi. Hapo hesabu ilikuwa wazi. Kila mwanafunzi mpya alihitaji kitanda, chakula na kiti darasani, na vyote vilikuwa na kikomo. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya 1992 na kuanza masomo Januari 1994 chini ya Mmari, kiliifumua hesabu hiyo: mwanafunzi alibaki kwake na kazini kwake, masomo yakamfuata.

Atasema mtu kwamba Huria ni kazi ya Bunge, si ya mtu mmoja. Kweli, ila sheria haitungi mitihani wala haiwashawishi waajiri kwamba shahada ya kusomea nyumbani ina uzito uleule. Hoja nzito zaidi ni kwamba wanaosoma peke yao huchelewa, na wengi hukata tamaa. Siipuuzi. Lakini mjuzi wa takwimu huuliza kwanza: asilimia ya nani? Mama mwenye ajira na watoto hapimwi kwa kijana anayelala bwenini. Hupimwa kwa mwenzake ambaye hakuwa na mlango wowote wa kuingilia. Kwa kipimo hicho, kila aliyemaliza, hata kwa miaka minane, ni faida ambayo Mlimani isingeipata.

Profesa Tolly Mbwette alipopokea uongozi mwaka 2005, vituo vya Huria vilikwisha kutandaa mikoani.