Nyuso za Arusha ndani ya filamu ya "Hatari!"

Mwishoni mwa mwaka 1960, Tanganyika ilipokuwa imekwisha kupata serikali ya madaraka chini ya Julius Nyerere aliyekuwa Waziri Kiongozi, walifika chini ya Mlima Meru watu wa kampuni ya Paramount ya Marekani pamoja na kamera zao, magari yao na wachezaji wao mashuhuri, wakiongozwa na Howard Hawks, kwa kusudi la kutengeneza filamu juu ya watu wakamatao wanyama wa porini na kuwauza kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Kazi yao nchini iliendelea hata miezi ya kwanza ya 1961, na filamu yenyewe, yenye urefu wa dakika 157, ilitoka mwaka 1962 kwa jina la "Hatari!" Majina ya John Wayne, Elsa Martinelli na Hardy Krüger wanayajua watembeza wageni wa Arusha, na Momella walikopigia picha huonyeshwa wasafiri mpaka leo, lakini filamu ile ilijaa watu wengine, watu wa nchi hii, waliopita njiani, walioimba, walioshika kamba na waliosimama mbele ya maduka, nao ndio ninaotaka kuwaandika, kwa sababu naamini ya kwamba pasipo wao ile isingekuwa picha ya Arusha hata kidogo.

Kazi ya mwigizaji wa ziada haina maneno ya kusema, na aghalabu mwenye kuifanya hakijui kisa anachokitumikia. Huambiwa apite kutoka pembe hii ya njia mpaka pembe ile, asiitazame kamera, asiharakishe wala asilegee. Na akiisha kupita huambiwa arudi alikotoka apite tena, kwa kuwa gari lilichelewa, au wingu lilifunika jua, au mchezaji mkubwa alikosea neno lake. Akitakiwa kuzungumza na mwenziwe huchezesha midomo pasi na sauti, ili asije akayaingilia mazungumzo ya wakubwa. Nguo aliyoivaa jana hana budi kuivaa na leo, ingawa imelowa jasho na vumbi, kwa maana tendo lionekanalo kwa dakika moja tu huweza kupigwa picha kwa siku mbili au tatu, na kanzu nyeupe ikigeuka ya kijivu kabla mvaaji hajamaliza kuvuka njia, mtazamaji atatambua kuwa amedanganywa. Baina ya amri na amri hungoja, na kungoja huko ndiko kunakomeza sehemu kubwa ya siku. Ni kazi ya subira na utii, lakini ina ustadi wake ambao wengi hawaujali: kufanya jambo la kila siku huku macho ya watu wengi yamekukazia, na kulifanya kana kwamba hapana akutazamaye. Si wengi waliwezao siku ya kwanza.

Katika "Hatari!" palitakiwa zaidi ya hayo. Hawks aliwataka wachezaji wake wawafukuze wanyama wa kweli, kwa mashauri ya mkamata wanyama Willy de Beer, na sifa ya ujasiri huo wamepewa kwa haki. Ila mtazamaji makini, mnyama akiisha kunaswa, na aitazame mikono ya Waafrika wanaoruka chini kusaidia kuvuta kamba na kumtuliza, ajiulize kama hatari ile iliwachagua wenye majina peke yao. Halafu iko sherehe ambamo Dallas, mwanamke mpiga picha aliyechezwa na Martinelli, anapokewa na Waarusha na kuitwa Mama Tembo kwa ajili ya ndama wa tembo aliowalea. Sekei, kata iliyo kaskazini ya barabara kuu iendayo Moshi, mahali ambapo mji unaanza kuupanda mlima, ni nchi ya Waarusha hao kwa asili, kama ilivyo Ilboru jirani yake: wakulima wa migomba, mahindi na kahawa, wasemao Kimaa, wenye marika yao na taratibu zao. Sherehe ya filamu iliwekwa kwa mahitaji ya kisa, na asiyejua asije akaisoma kama kitabu cha mila. Lakini walioisimamisha walikuja na namna yao ya kusimama, ya kujipamba na ya kuitikia, mambo ambayo fundi wa Hollywood hawezi kuyashona kwa sindano. Na mwishoni, ndama wa tembo wanapomwandama Dallas mitaani, tunaiona kwa dakika chache Arusha ya zama za mwisho za ukoloni, kwa rangi zake zote.

Nina neno zito zaidi la kulisema. Momella lilikuwa shamba la mlowezi wa Kijerumani, Margarete Trappe, na hapo jirani ni Engare Nanyuki, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu, nyumba zao zikachomwa moto. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, huko New York, akaueleza ulimwengu dhuluma hiyo. Hapakupita hata miaka kumi, kamera zikaja kuionyesha nchi iyo hiyo kama nyika pana ya wanyama, isiyo na mwenyewe wala kesi. Sidhani kwamba Hawks alikusudia kuficha neno. Filamu yake ni ya furaha, na hadithi yake haikuhitaji historia ya mtu yeyote. Lakini hivyo ndivyo wenyeji wa mlima walivyopata kuwa pambo la mandhari ambayo walikuwa wakiidai mbele ya Umoja wa Mataifa, na jambo hilo linaniuma kila niitazamapo.

Wala haikuwa hivyo kwa sababu Mwafrika wa Tanganyika alikuwa mgeni wa kamera. Tangu 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na Latham walitengeneza filamu 35 za mafunzo zilizochezwa na Waafrika wenyewe, zikazungushwa Afrika Mashariki kwa lori. Mwaka 1952 Rashidi Mfaume Kawawa akawa mchezaji mkuu katika "Muhogo Mchungu", filamu ya Kiswahili; akaongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi tangu 1955, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Basi mwaka ule ule "Hatari!" ilipotoka, nchi iliyotoa mandhari yake ilikuwa na Waziri Mkuu aliyewahi kuwa mchezaji wa filamu, tena mtetezi wa wafanyakazi. Hollywood nayo ilikuwa na ofisi ya Central Casting ya kuwaajiri waigizaji wa ziada tangu 1925, na tangu miaka ya 1940 waigizaji hao walikuwa na chama chao. Wale wa chini ya Mlima Meru hawakuwamo.

Hata sauti ilichukuliwa. Henry Mancini, aliyeitungia filamu muziki wake, alipewa na Hawks ala zilizotoka Afrika, miongoni mwake marimba ya vidole na vibuyu, akazitumia. Na muziki wa ndama wa tembo alioutunga ulienea duniani kuliko filamu yenyewe.

Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini siku zile sasa amepita miaka themanini, na mtoto aliyepita mbele ya kamera akiwa mgongoni mwa mamaye ni mtu mzima mwenye wajukuu. Makumbusho ya Elimu Viumbe yamo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani hapa hapa mjini Arusha, nayo yaweza kuisimamia kazi ya kuwatambua, na kitambaa cheupe cha kuonyeshea sinema si ghali. Iletwe filamu hiyo Sekei na Ilboru, mchana, penye kivuli na viti vya wazee. Isimamishwe kila uso unapotokea, na awepo karani ajuaye Kimaa na Kiswahili, mwenye daftari, aulize huyu ni nani, mwana wa nani, wa rika gani. Ianzwe sherehe ya Mama Tembo, kwa kuwa hapo nyuso ziko karibu zaidi, kisha waje washika kamba, na watu wa mitaani wawe wa mwisho.