Nchi Kuivamia Nchi Nyingine: Sheria ya Kimataifa Inasemaje?



Tumeletewa suali na familia moja ya Unguja ambayo kijana wao anasomesha Sumbawanga. Wanafunzi wake wamemuuliza iwapo Wazungu waliopigana Kasanga walivunja sheria, naye akakosa jawabu.

Kasanga ipo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pale nyanda za juu za Ufipa zinapoteremka. Wajerumani waliiita Bismarckburg wakajenga boma. Septemba 1914 askari wao waliishambulia Abercorn, ng'ambo ya mpaka, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Juni 1916 Waingereza nao wakaiteka Kasanga. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, isije ikatekwa. Iliopolewa baadaye, na ndiyo MV Liemba ambayo watu wa Kasanga wanaijua vyema.

Kwa sheria ya zama zile, kupigana kwenyewe hakukukatazwa. Mkataba wa Hague wa 1907 ulitaka tu vita vitangazwe kwanza. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliweka njia ya kuliepusha eneo hili na vita vya Ulaya, lakini kwa ridhaa ya wakubwa wenyewe, na 1914 hawakuifuata. Mizigo ya vita ikabebwa na Waafrika. Sisi wa visiwani tuna mfano wetu: tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa moja, na hapakuwa na mahakama ya kushitakia.

Tarehe 27 Agosti tena, mwaka 1928 (twaitaja tu kwa kuwa inashangaza), mataifa yalitia saini Paris mkataba wa kuikana vita. Haukuzuia Vita vya Pili vya Dunia. Kizuizi chenye uzito kilikuja na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945. Ibara ya 2, kifungu cha 4, inakataza kutumia nguvu dhidi ya mipaka au uhuru wa nchi nyingine, na hata kutishia kuzitumia. Imebaki milango miwili: idhini ya Baraza la Usalama, na kujilinda kwa mujibu wa Ibara ya 51 pale shambulio la silaha linapotokea. Wengi hukosea hapa. Kulipiza kisasi hakumo, na kujilinda kwenyewe kuna kiasi chake. Waliosoma fiqhi wataikumbuka milango ya daf'u ssaail: mshambuliaji huzuiwa kwa njia nyepesi kwanza, na akishakimbia hafuatwi kupigwa.

Mtihani wetu Watanzania ulikuwa Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, na mwanzoni mwa Novemba akatangaza kuwa ardhi ile ni yake. Haki ya kuwatoa haina ubishi. Lakini majeshi yetu, pamoja na Waganda waliompinga Amin, hayakusimama mpakani. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa OAU Monrovia mwaka huo wapo viongozi waliolaumu. Tuonavyo sisi, kuvuka ili adui asirudi kuna hoja nzito. Kuiondoa serikali ya jirani hatuioni ndani ya Ibara ya 51, ingawa dhalimu yule aliwatesa watu wake na wengi walifurahi alipokimbia. Wazee watakaotukasirikia kwa kauli hii tunawaelewa.

Ng'ambo ya ziwa, Kongo iliishitaki Uganda yenyewe. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa hoja ya Uganda kwamba ilikuwa ikijilinda, ikasema imevunja katazo la kutumia nguvu. Fidia ilipangwa Februari 2022: dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Waliofiwa walikuwa wamengoja zaidi ya miaka ishirini.

Wallahu a'alam.